Marthe na Karatasi ya Mioyo Saba

Kabla serikali haijaamua kwamba jina la ubatizo ni kosa la kisiasa, pale Baraka, mji mdogo wa kando ya ziwa katika Fizi, kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Marthe, na hakuna aliyeona ubaya wowote katika hilo. Alizaliwa Swima, baba yake mvuvi wa ndagala, mama yake mkulima wa muhogo, na masista ndio waliomfundisha kusoma, kufunga vidonda na kudunga sindano. Mwaka 1971 alikuwa na miaka thelathini na minne, mjane, mnene kidogo, na mdomo wake haukuwa na kufuli. Alifanya kazi katika dispanseri ya misheni iliyokuwa karibu na ziwa. Wakubwa walimwandika "msaidizi". Wagonjwa walimwita munganga, yaani daktari, kwa kuwa wao ndio walioziona kazi za mikono yake.

Kilichomkera siku zote ni ugonjwa wa moyo kwa watoto. Mzee wa miaka sabini akishikwa moyo, watu husema amekula chumvi yake vya kutosha. Lakini mtoto wa miaka kumi! Marthe aliuona ugonjwa huo ukija kwa njia ileile kila mara. Kwanza mtoto analalamika koo, mama anamsukutulisha maji ya chumvi, koo linapona. Wiki mbili tatu zinapita, goti linavimba, kisha kiwiko, kisha goti la pili, halafu navyo vinapona, na nyumba nzima inasahau. Mwaka mmoja au miwili baadaye mtoto huyohuyo hawezi kupanda kutoka ziwani na ndoo bila kukaa chini mara tatu. Mwisho analala ameketi, miguu imejaa maji, na majirani wanaanza kutazamana nani kamroga.

Marthe alinunua daftari akaanza kuandika: mtoto gani, koo liliuma lini, goti lilivimba lini, pumzi ilianza kukatika lini. Aliandika kwa miaka minne. Mkaguzi mmoja wa afya aliyepita pale alilifungua daftari hilo, akacheka, akauliza goti na moyo vina undugu gani. Akalitumia kuwekea kikombe chake cha chai. Marthe aliufuta ule mviringo wa chai kwa kitambaa na hakumsahau yule bwana maisha yake yote.

Mwezi wa nane mwaka huo wa 1971 ikaja Land Rover yenye vumbi kutoka Bukavu kwa njia ya Uvira, na ndani yake Dokta Norbert, kijana wa Kasai, mtafiti wa chuo kikuu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alileta sanduku la barafu, vichupa vya kioo na kimashine cha kuzungushwa kwa mkono. Alilisoma daftari la Marthe akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, mpaka chakula alichoandaliwa kikapoa.

"Mama Marthe, hii kitabu uliandika weye mwenyewe?"

"Nani mwingine angeiandika, Docteur? Iko mbaya?"

"Iko mbaya? Mama, mi nasoma miaka kumi ile kitu weye unaona hapa na macho tu."

Siku iliyofuata akawaeleza wazazi waliokusanyika na watoto wao. Alisema kuna kijidudu kinachokaa kooni. Sehemu moja ya ngozi ya kijidudu hicho, ndogo kiasi kwamba hata kioo cha kukuzia hakiwezi kuionyesha, imeumbwa karibu sawa na kitu kimoja kilichomo katika nyama ya moyo wa mtu.

"Mwili iko na baaskari yake mu damu," alisema. "Banakuja kupiga ule mududu. Lakini juu ya vile baliona nguo yake, bakifika ku moyo banaona nguo yenye kufanana. Basi banapiga na moyo. Mududu amekwisha kufa, bao banapiga tu."

Mama mmoja wa mstari wa mbele, Immaculée, muuza ndagala wa Swima, alikuwa amempakata binti yake Adolphine wa miaka sita. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeelewa vizuri sana: "Aa! Ni sawa na banajeshi yetu. Banatafuta batu ya maquis, banakuta mulimaji iko na kaputura ya vile vile, banamupiga yeye!"

Watu wakacheka, kisha wote wakageuka kwa pamoja kutazama nyuma. Katika Fizi ya miaka ile waasi, hao wa maquis, walikuwa milimani na masikio ya serikali yalikuwa kila mahali. Dokta Norbert alijifanya anasafisha miwani. Baadaye alimwambia Marthe kwamba amefundisha jambo hilo darasani mara nyingi na hakuna mwanafunzi aliyelishika haraka vile.

Kwa siku tisa wakawatoa damu watoto themanini na watatu. Dokta alidunga, Marthe aliwashika na kuwabembeleza, kisha wakazungusha kimashine mpaka wekundu ukashuka chini na maji ya manjano yakabaki juu. Maji hayo ndiyo yaliyotakiwa, kwa kuwa humo ndimo walimokuwa wale askari wa mwili. Marthe alikata vipande vya plasta, akavibandika kwenye vichupa, akaandika kwa mkono wake mzuri wa shule ya masista: Jacques, 14. Alphonse, 31. Adolphine, 52. Ndivyo dispanseri ilivyofanya kazi. Jina la ubatizo na namba kwenye kichupa. Jina la baba, la mama na la kijiji kwenye daftari lake. Usiku vilikaa katika friji ya mafuta ya taa ya misheni, na dokta alipoondoka aliahidi kwamba majibu yatarudi.

Sasa sikiliza mambo. Miezi michache baadaye nchi ikabadilishwa jina, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba raia nao wabadilishe yao. Majina ya kizungu marufuku. Padri atakayembatiza mtoto Jacques atafungwa. Watu walijipanga juani mbele ya meza ya karani wachague jina la babu, na asiyekuwa nalo tayari karani alimchagulia. Marthe akaandikwa Wabiwa, jina la bibi yake mzaa baba, bibi aliyempenda kuliko watu wote. Kuitwa Wabiwa hakukumuudhi hata kidogo. Kilichomuudhi ni kwamba mtu asiyemjua bibi huyo alimwamuru aitwe hivyo. Mimi ninayesimulia nitaendelea kumwita Marthe, na anayetaka anishitaki.

Mtu aliyefurahia mabadiliko hayo kuliko wote alikuwa Albert. Alisoma na Marthe darasa moja, akiwa hodari wa kunakili hesabu za wenzake. Sasa aliitwa Citoyen, yaani Raia, Lwaboshi, alivaa koti jipya la chama lililofungwa mpaka shingoni katika joto lile, na alikuwa mkubwa wa chama pale mjini. Kila barua na kila furushi lililotoka nje lilipitia mezani pake kwanza, kwa ajili ya usalama.

Na hapo ndipo majibu ya Dokta Norbert yalipofikia, Machi 1974, miaka miwili na nusu baada ya ile damu kutolewa. Mashine za chuo zilikuwa zimekosa umeme, kisha zikakosa dawa za kupimia, lakini kijana wa watu hakuacha. Alisaini kwa jina lake jipya, Ilunga. Barua ilisema kwamba kati ya watoto themanini na watatu, saba wana wale askari wengi mno katika damu, na mioyo yao inaendelea kupigwa. Wapewe sindano ya penisilini ya kukaa mwilini kila mwezi, bila kukosa, mpaka wawe watu wazima, ili koo lisiugue tena na vita visianze upya. Ametuma chupa za mwaka wa kwanza, themanini na nne, kumi na mbili kwa kila mtoto. Na tafadhali, aliandika, mwakani nitahitaji damu ya saba hao hao, kwa maana bado sijui kwa nini wao na si ndugu zao waliolala nao kitanda kimoja. Chini yake yalifuata majina saba.

Marthe aliitwa ofisini. Sanduku lilikuwa chini ya meza, barua juu yake.

"Citoyenne Wabiwa," Lwaboshi alisema, "hii batu saba iko wapi?"

"Ni batoto, Citoyen. Batoto ya dispanseri."

"Nilitazama mu kitabu ya batu yote. Jacques hayiko. Alphonse hayiko. Adolphine hayiko. Hapa kwetu hakuna hata mumoja mwenye jina ya vile. Batu benyewe habako, lakini banatumiwa sanduku muzima ya dawa! Unajua nani njo anatafutaka dawa kule juu ku milima?"

Marthe alidhani anataniwa. "Jacques ni Wilondja, mutoto wa fundi wa mitumbwi. Anapitaka hapa ku dirisha yako kila siku. Unamujua!"

"Leta karatasi yenye kuonyesha."

"Karatasi iko ku misheni, mu kitabu ya ubatizo."

"Ile majina ya bakoloni? Ile hayiko karatasi."

"Basi hii hapa, daftari yangu, namba kwa namba."

"Daftari yako uliandika weye. Na huyu Ilunga ni nani? Kule nyuma ulisema docteur alikuwa Norbert."

"Ni yeye! Munamubadilisha jina, kisha munauliza ni nani? Albert, ogopa Mungu!"

Mkono wa Lwaboshi uliipiga meza hadi kalamu ikaanguka. "Nani Albert?" aliuliza, akimtazama karani kana kwamba yeye ndiye aliyetamka. Kisha akatoa hukumu yake. Kila mzazi aje mwenyewe ofisini, aweke kidole kwenye karatasi, akiri kwamba jina hilo ni la mtoto wake. Wakitimia saba, sanduku litatoka. Mpaka hapo hakuna chupa itakayotoka.

Ukisikia haraka utaona ni jambo dogo: kidole tu, wino kidogo. Lakini nani katika Fizi ya siku zile angekwenda kwa miguu yake kukiri kwamba jina lililo katika orodha ya chama ni la nyumbani kwake? Orodha zilikuja na malori. Watu walitajwa kwenye orodha asubuhi na jioni mke akawa mjane. Lwaboshi alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na bado alikaa katika kiti chake akiita ujinga huo utaratibu.

Fundi wa mitumbwi alimsikiliza Marthe mpaka mwisho, mwanawe akiwa hapo hapo akiranda ubao. "Wabiwa, dada yangu," alisema, "mwaka yenye kupita kaka yangu aliweka kidole ku karatasi. Mpaka leo hatumuone. Mutoto wangu ni Wilondja. Jacques simujue." Mtoto aliinua kichwa aliposikia jina lake la zamani, akakirudisha chini. Nyumba ya Alphonse ilisema vivyo hivyo. Familia moja ilikuwa imehamia Misisi kwenye dhahabu, na Marthe akaifuata huko siku mbili kwa mguu, akapewa chai na jibu lile lile. Nyiransabimana, mama wa nyanda za juu aliyeshuka sokoni na siagi, alisema mwanawe Manassé anaitwa sasa Gisaro, na kwamba watu wake tayari wanaambiwa si wa nchi hii. Aongeze na kidole?

Swima alikwenda kwa mtumbwi wa mjomba wake. Immaculée alisimama mlangoni na kuuziba kwa mwili wake. Mwanamke huyo aliyewahi kuchekesha umati kwa ulimi wake sasa alisema kwa kunong'ona: "Humu hamuna Adolphine."

"Mama, ni mi. Nilimushika mikononi wakati wa sindano. Nilimupa biskuti."

"Nilisema hamuna. Kuko Nyassa, na Nyassa hayiko mugonjwa."

Nyuma yake kulisikika pumzi ya mtoto, fupi fupi, pumzi ambayo Marthe angeweza kuitambua sokoni. Aliomba aruhusiwe kumtazama tu. Akaona msichana wa miaka tisa ameketi ameegemea ukuta, vifundo vya miguu vimetuna, akimwinulia mkono kumsalimu. Marthe alimwachia vidonge vya kupunguza maji alivyokuwa navyo, akijua ni kujifurahisha tu. Huko ziwani, akirudi, alilia kwa hasira mpaka mjomba akaacha kupiga kasia. Hakumkasirikia Immaculée kwa ukali wake. Immaculée alikuwa anamlinda mtoto wake dhidi ya kitu alichokijua, na kile asichokijua kilikuwa kinammaliza.

Marthe alirudi ofisini mara nne. Aliomba, alipiga magoti, alitukana. Aliandika Bukavu, na barua yake, bila shaka, ilipitia mezani kwa Lwaboshi. Wiki tano zikaisha.

Ndipo likaja tangazo kwamba mkubwa kutoka Bukavu atatembelea Baraka, na watu wa ufuko wote, kutoka Swima mpaka chini, waje kumchezea ngoma za chama. Asiyekuja ataelezwa vizuri. Basi wakaja, walimu, wavuvi, wajawazito, vizee, mamia kwa mamia, wamevaa vitambaa vyenye picha ya Kiongozi kifuani na mgongoni, wakakatika viuno tangu asubuhi wakimshukuru kwa amani na afya. Naam, afya. Waliimbishwa neno hilo hilo, huku chupa themanini na nne zimelala chini ya meza hatua mia mbili kutoka hapo.

Marthe alikuwa katika mstari wa wauguzi, na zamu yao ya kuimba ilipofika alitoka mbele peke yake. Ngoma zilisita kwa kutojua kama hilo limo katika mpango.

"Mi ni Marthe!" alipaza sauti. Uwanja wote ukashtuka. "Munanijua. Nilibadunga batoto yenu yote. Ile damu ya docteur, majibu ilifika. Dawa iko mule mu bureau ya chama, imefungwa juu munaogopa kusema majina. Mi nitasema. Kama ni kufunga, bafunge mi. Weye mama, ukisikia jina ya mutoto wako, mulete tu. Ni moyo wake banapiga. Jacques!"

Hakuna aliyesogea. Lwaboshi alikuwa anashuka jukwaani mbio, kola imeloa jasho.

"Manassé!"

Nyiransabimana ndiye aliyetoka. Alimvuta mwanawe mkono, akapita katikati ya watu waliomtazama kama mgeni, akasimama karibu na Marthe. Fundi wa mitumbwi aliona hilo, na nadhani aibu ndiyo iliyomsukuma. Alimwinua Jacques begani, mvulana mkubwa wa miaka kumi na miwili, akaja naye. Akatoka Alphonse na nyanya yake. Marthe aliendelea kuita, sauti imekwaruza, na mpaka ile familia ya Misisi, iliyosombwa na lori kuja kucheza, ikajitokeza. Walisimama pale sita.

Mkubwa wa Bukavu alikuwa na njaa. Aliuliza kuna nini, akaelezwa kwa kigugumizi, akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Dawa iko wapi? Leteni, mumalize, tuendelee." Ndiyo hivyo tu. Jambo lililoshindikana kwa wiki tano lilichukua robo saa. Sanduku likaletwa, maji yakachemshwa, na Marthe akawadunga sita pale pale mbele ya watu.

Alipomaliza aliinua karatasi. "Adolphine!"

Umati uliachia nafasi. Immaculée alikuja polepole, amevaa kitambaa cha picha kama wengine, mikono imening'inia mitupu. Alisimama mbele ya Marthe. Alitazama sindano iliyokuwa tayari imejazwa.

"Tulimuzika Jumatatu," alisema. "Balinilazimisha nikuye kucheza."

Marthe alimshika, na askari wa chama walipokuja kumchukua walilazimika kuwabandua hao wawili mmoja mmoja. Nyuma yao ngoma zilianza tena, maana mkubwa alisema tuendelee.

Ofisini karani aliandaa karatasi ya mashtaka. Akamsomea: Citoyenne Wabiwa ametaja hadharani majina saba ya kikoloni, ya watoto saba wa hapa. Aweke kidole.

"Najua kuandika," alisema Marthe. "Lakini soma tena. Batoto saba?"

"Saba."

"Wiki tano munaniambia habako. Hata mumoja! Leo munabapata yote saba juu ya kunifunga? Basi hesabu muzuri. Baliokuya ni sita. Huyu wa saba mulimukatalia angali na pumzi, musimuandike leo iko mu udongo. Andika sita, na chini yake andika Adolphine alikufa Jumatatu, na dawa yake ilikuwa hapa, chini ya hii meza, karibu na kiatu ya huyu Albert."

Karani aliisimamisha kalamu. Alikuwa na watoto wake mwenyewe, na macho yake yalikuwa kwenye sanduku, lililokuwa limerudishwa chini ya meza. Alimtazama mkubwa wake.

"Andika saba," alisema Lwaboshi.

Karani akaandika saba.